Dada, Mwanafunzi Hakati

Chumba cha Wasukuma Machela,
Ghorofa ya Chini, karibu na lifti mbovu,
Hospitali ya Chuo Kikuu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, ukizishika kwa mmoja zitakuponyoka maana ni nyingi. U hali gani? Shingo inasemaje leo? Umelala? Umekula, na chakula kimepita? Shemeji naye vipi, au bado anasingizia mgongo kila magunia yakitaka kubebwa? Mimi, ukinitazama kwa mbali, ni mzima kama chuma cha reli. Ukinitazama kwa karibu kuna jambo, nami nitalisema humu humu, ila si sasa. Barua ni nyumba, huezeki paa kabla ya kuta.

Bado nasukuma machela. Najua majirani wakikuuliza unasema, "Mdogo wangu yuko hospitali ya chuo kikuu," unaishia hapo, unawaachia wamalizie wenyewe. Asante. Endelea hivyo hivyo.

Huku wananiita Profesa wa Magurudumu, na jina hilo sikujipa (nilidokeza tu, wakalidaka). Hospitali hii ina majengo tisa na korido ambazo ukizinyoosha zinafika kwenu na kurudi. Mwanafunzi mpya akipotea haendi ofisini kwa msajili, anakuja kwangu. Mimi niliishia darasa la sita, na shahidi ni wewe, maana ndiye uliyekuwa unanisaka kila nikitoroka. Lakini chuo kikuu nimekaa miaka kumi na moja. Wao wanakaa mitano wanaondoka. Sasa msomi ni nani?

Ungeiona raundi ya asubuhi ungecheka. Saa mbili kamili anatangulia Profesa wetu wa upasuaji, mtu mfupi, mkavu, tunamwita Sindano kwa sababu ni mwembamba na akikugusa hata kwa neno moja unaruka. Nyuma yake madaktari bingwa, nyuma yao wanaosomea ubingwa, halafu madaktari wapya wenye macho mekundu, halafu wanafunzi kumi na wawili, makoti meupe bado yana mikunjo ya dukani. Wanafuatana kama bata na vifaranga. Sindano akikohoa, wa mwisho anaandika.

Mimi husimama pembeni na machela yangu, nasikiliza. Siku moja aliwauliza kwa nini mgonjwa aliyekuwa mbele yao amevimba mguu mmoja tu. Wote wakainamia madaftari. Nikashindwa kujizuia nikasema, "Damu imeganda, Profesa." Akageuka. "Nani kasema?" Wanafunzi wakaninyooshea vidole wote kumi na wawili, waoga wale. Sindano akanitazama, akawaambia, "Basi ninyi shikeni machela, yeye apewe koti." Siku tatu nilitembea sikanyagi chini.

Lakini sikukaa chini siku yangu ya mapumziko, tena na kalamu ya kuazima, ili nikusimulie sifa zangu tu. Mpwa wangu alinipigia simu Alhamisi. Usimgombeze. Kaniambia yote. Kwamba uvimbe umekua hadi unajishonea magauni yenye kola ndefu kama askari wa gwaride. Kwamba unalala umekaa, mito mitatu mgongoni, maana ukilala chali pumzi inakaba. Kwamba sauti imekuwa nzito mpaka wateja wakipiga simu wanamwomba "huyo mzee" awapatie fundi. Kwamba daktari wa huko alikuandikia barua ya rufaa uje hapa kwetu, nawe ukaikunja mara nne ukaiweka chini ya mguu wa cherehani isiyumbe. Dada! Barua yenye mhuri!

Akaniambia na neno ulilowajibu walipokubembeleza: "Siendi kuwa daftari la wanafunzi. Mdogo wangu mwenyewe anafanya kazi pale, na alitusimulia."

Neno hilo lilinifika mahali. Nilikaa juu ya machela, jambo ambalo ni marufuku, na sikujali nani ananiona.

Maana nakumbuka nilichosimulia. Ilikuwa likizo ya mwaka juzi, tumejaa sebuleni kwako mpaka wengine wamekaa mlangoni. Nikasema wanafunzi wetu kila asubuhi wanacheza karata kujua nani atakata leo. Nikasema mmoja alisahau saa yake ndani ya tumbo la mtu, akashona, na tumbo la yule bwana likawa linalia kengele kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mpaka mkewe akauza jogoo. Watu walicheka wakalala chini. Shemeji chai ilimtokea puani. Wewe peke yako hukucheka. Ulirekebisha mtandio shingoni.

Nilikuona, Dada. Wakati ule uvimbe ulikuwa kama limau tu. Nilikuona, na bado nikaongeza hadithi ya tatu, kwa sababu kicheko ni pombe, na mlevi hamwoni aliyenuna.

Sasa sikia, naandika polepole ili mkono usiteleze. Hakuna karata. Hakuna saa tumboni. Nilitunga. Nilitunga njiani nikija kwenu, nikiwaza nitawafurahisha kwa kipi maana mikono nilikuwa nayo mitupu.

Najua unachosema hapo ulipo. Alidanganya juzi, kwa nini nimwamini leo? Haki yako, hata mimi nisingejiamini. Kwa hiyo sitakusifia hospitali. Nitakueleza kilichonipata mimi, na kinanivunjia heshima. Mtu hatungi uongo wa kujivunjia heshima. Mimi aina hiyo sijawahi kuitunga, waulize wote wanaonijua.

Kila mwisho wa muhula wanafunzi wana mtihani wa kumpima mgonjwa. Wagonjwa wa kweli hawachoshwi kwa kazi hiyo, basi chuo hutafuta watu wenye afya zao wajifanye wagonjwa. Unapewa karatasi ya ugonjwa, unaikariri, unalala kitandani. Mwanafunzi anaingia, ana dakika nane, anakuuliza, anakupima, kengele inalia, anatoka, anaingia mwingine. Mwezi uliopita mmoja wa watu hao hakutokea, wakaja kwangu mbio. Nikawauliza mlikuwa wapi siku zote.

Karatasi yangu ilikuwa ya kidole tumbo. Maumivu chini upande wa kulia, kichefuchefu, homa kidogo, basi. Nikaisoma nikaona huu ni ugonjwa wa kimaskini mno kwa mtu wa hadhi yangu. Miaka kumi na moja nasikiliza raundi, nina magonjwa kichwani ya kugawia mtaa mzima! Nikaongeza kikohozi cha wodi ya kifua. Nikaongeza ganzi ya mguu kutoka wodi ya mishipa. Na mlio mmoja wa kuugulia niliourithi kwa dereva wa lori aliyevunjika nyonga, mlio mzuri sana, unaanzia chini unapanda.

Mwanafunzi wa kwanza akasema figo. Wa pili akasema kifua kikuu kimeshuka kwenye uti wa mgongo. Wa tatu aliandika, akafuta, akaandika, mwisho akaniinamia sikioni, "Mzee, nisaidie. Wewe unadhani unaumwa nini?" Nikamwambia mwanangu, hali yangu ni ngumu. Alipotoka wa sita pazia likafunguliwa, ni Sindano, uso mchachu kama ndimu.

"Wewe! Huo ugonjwa wako hauna kitabu duniani! Unanifelishia darasa zima. Rudi kwenye karatasi!"

Nikarudi kwenye karatasi. Wa saba akaingia binti mmoja tunayemwita Bi Samahani, maana hawezi kupita hata mlangoni bila kuuomba mlango radhi.

"Samahani baba, shikamoo. Samahani, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Samahani, naomba nikupime, na ukikataa si kosa."

Akasugua viganja kwanza vipate joto. Hiyo ni sheria ya Sindano, mkono wa baridi haumgusi mgonjwa. Mimi nikaanza kuugulia kwa adabu. Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. Akanifunga ule mkanda wa presha, akapuliza, akatazama, akaufungua, akahamia mkono wa pili. Nikaongeza mlio, nikidhani amesahau tumbo.

"Samahani baba," akasema, "nyamaza kidogo."

Mimi! Nikanyamaza.

"Kichwa kinakuuma asubuhi?"

"Hiyo haipo kwenye karatasi, mwanangu."

"Najua. Tumbo unaigiza, tena unaigiza vizuri. Presha hii huigizi. Kichwa kinakuuma?"

Dada, kilikuwa kinaniuma tangu kabla ya ile likizo. Kila asubuhi, huku kisogoni. Wenzangu wakiniuliza mbona nimekunja uso nawajibu akili zimezidi nafasi. Nikataka kumpa na yeye jibu hilo. Nikafungua mdomo, ikatoka "ndiyo," ndogo kama ya mtoto.

Kwenye mtihani mwanafunzi haruhusiwi kumwita mtu. Ana dakika zake nane, afanye kilichoandikwa, atoke. Yule binti alijua. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, akatazama karatasi yake tupu, halafu akavuta pazia. "Profesa, samahani, huyu ni mgonjwa kweli." Kengele ililia akiwa ameandika jina lake tu.

Sindano akapima mwenyewe. Akapima tena. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema, "Leteni machela."

Machela yangu, Dada! Nikalazwa juu yake, na aliyenisukuma ni mwenzetu mmoja ambaye kazi hii aliipata kwa bahati mbaya, akanigonga mlangoni mara mbili. Na hapo ndipo nilipoiona dari. Miaka kumi na moja napita korido ile, sijawahi kuitazama dari. Ina baka la maji lenye umbo la ng'ombe. Ina taa inayopepesa karibu na lifti. Nyuso za watu zinakuinamia zimepinduka, pua kwanza. Na hujui unakopelekwa. Mimi nilizoea kuwaambia wagonjwa "tulia, tunafika," nikaona nimesema kitu. Kumbe sikuwa nimesema kitu. Siku hizi namweleza kila mtu: sasa tunakata kulia, hapa pana mteremko mdogo, hizo kelele ni za seremala wetu, si za mgonjwa.

Walinilaza siku tatu. Namba yenyewe ya presha siiandiki, ukiisoma utapandisha ya kwako. Daktari aliniambia ningeendelea vile miezi michache, ningeokotwa koridoni mshipa umepasuka kichwani. Sasa nameza vidonge viwili kila asubuhi, chumvi tumeagana, kichwa kimetulia. Nyumbani sijawaambia. Mama nitamwambia mwenyewe nikija, nawe nifichie mpaka hapo.

Bi Samahani alama zake zilikuwaje? Sheria ni sheria, ilibidi arudie wiki iliyofuata, pamoja na wale sita niliowapoteza njia. Wote walipita. Mgonjwa alikuwa mtu mwingine, mimi kazi ya uigizaji nimefukuzwa. Nilimpelekea yule binti matunda, akaniomba samahani kwa kuyapokea.

Sasa jiulize. Mtu anayeshinda hospitali, anayepishana na mashine ya presha mara arobaini kwa siku, kwa nini hakuwahi kunyoosha mkono akapimwa? Nilikuwa naogopa, Dada. Sina jingine. Nilijua wakipima watakuta kitu. Yale masimulizi ya karata na saa sikuyatunga kwa ajili yenu peke yenu, nilikuwa najichekesha mimi nisisogee karibu. Woga ulikuwa wangu, nikakufungia kama zawadi, ukaupokea.

Basi nikupe ukweli na mifupa yake. Wanafunzi watakuja kitandani kwako, sikufichi. Watakuuliza maswali yale yale mpaka uchoke, watakugusa shingo, watakuambia umeze mate huku wamekukodolea macho. Wengine mikono inawatetemeka. Lakini mwanafunzi hakati. Husimama nyuma, mikono kifuani, asiguse kitu. Anayekata ni bingwa. Ubavuni mwake yupo anayesomea ubingwa, ambaye naye ni daktari wa miaka mingi, na huyo anaweza kukata sehemu, bingwa akiwa amemsimamia bega kwa bega. Shingoni kuna mshipa wa sauti, upo karibu, unaweza kuguswa. Watakueleza wenyewe kabla hujaweka sahihi, na uwaulize mpaka uridhike, hata wakitazama saa.

Mwaka huu wenye shingo kama yako niliowarudisha wodini ni kumi na tisa. Nilikaa juzi nikawahesabu kwa ajili yako. Kumi na wanane walinishukuru kwa sauti zao wenyewe. Mmoja alinong'ona wiki sita, na sasa nasikia amerudi kuwafokea wajukuu.

Na kuhusu hilo daftari. Wiki mbili zilizopita raundi ilifika kwa bibi mmoja, muuza vyungu, mwembamba kama ufagio. Makoti meupe yakajipanga. Sindano akafungua mdomo afundishe. Bibi akasema, "Leo sitaki." Hakutoa sababu. Sindano akasema, "Sawa, mama. Asante." Akageuka, na msafara wote ukageuka, wanafunzi wakikanyagana visigino kutoka. Bibi akavuta shuka lake akanikonyeza. Hebu niambie, umewahi kuona wapi daftari likimfukuza mwalimu?

Nimezungumza na muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, mama mgumu kama kufuli, lakini na mimi ni ufunguo. Kitanda kipo. Unaingia Jumatatu tarehe 24, unapasuliwa Jumatano tarehe 26. Watakushikilia nafasi hiyo mpaka Ijumaa ya tarehe 21, baada ya hapo anapewa mwingine, na inayofuata ni baada ya miezi minne. Mpwa wangu anasema daktari wa huko alikuambia pumzi yako haina miezi minne ya kusubiri. Kwa hiyo inua cherehani, uitoe hiyo barua. Ikiwa imetoboka si neno, mhuri ukisomeka inatosha.

Sikulazimishi. Wewe ndiye uliyenilea Mama alipokuwa kazini, huwezi kulazimishwa na mtu uliyemfuta kamasi. Njoo hata utazame tu. Ukiona sivyo nilivyosema, nakurudisha stendi mimi mwenyewe na sitatamka neno njia nzima, na unajua kwangu hiyo ni adhabu ya namna gani.

Nisalimie Shemeji, mwambie nitampima mgongo wake kwa macho tu, nimeshakuwa mzoefu. Mpwa wangu mwambie amefanya jambo la mtu mzima kunipigia. Mama mbusu mikono. Shangazi wa ng'ambo ya barabara, yule aliyecheka kuliko wote siku ile, mwambie zile hadithi zilikuwa za uongo. Najua zitamuuma, amezisambaza sana.

Nimebakiza moja. Kutoka wodi yako hadi chumba cha upasuaji ni hatua mia mbili na kumi, kona tatu, kizingiti kimoja. Kwenye kizingiti magurudumu hugonga, mgonjwa akashtuka. Mimi huyanyanyua kwa mguu, hutahisi kitu. Mbele yake kuna mstari mwekundu sakafuni. Waume, akina mama, watoto, hata wakubwa wanaokuja na walinzi, wote huishia pale, wanabaki wakipunga mikono. Msukuma machela huvuka. Anabadili viatu, anavuka hadi mlango wa pili, anamshika mgonjwa wake mkono mpaka daktari wa usingizi amwambie aanze kuhesabu. Tarehe 26 haikuwa zamu yangu. Nimeshabadilishana.

Mungu akufungulie pumzi, akutangulie njiani, akupe moyo mwepesi.

Wako akupendaye, hata anapopayuka,
mdogo wako,
Kasuku.